Lonappan na Tumbo la Pichani

Kila mwaka, mvua kubwa zikianza kupungua na sikukuu ya Onam ikiwa haijafika, tulimpima Lonappan tumbo kwa uzi. Kazi hiyo ilikuwa yangu, kwa kuwa mimi ni katibu wa kikundi cha ngoma ya chui cha mtaa wa Thekkumuri, hapa Thrissur, kusini mwa India, na vipimo vyote huandikwa daftarini. Yeye aliinua mikono, mimi nikazungusha uzi usawa wa kitovu, kisha nikaulaza juu ya futi ya fundi cherehani. Mwaka 2005 alifika inchi hamsini na tatu. Mwenyekiti wetu, Bharathan, alisema bado kidogo.

Thresia, mkewe, alikuwa kizingitini akichambua samaki wadogo. Aliuliza kama tunapima mume wake au tunapima gunia la kopra. Bharathan akacheka, akamwambia kwamba tumbo lile shemeji asilione kama la nyumbani kwake, ni la mtaa mzima. Thresia akasema basi mtaa mzima uje umfungie kamba za viatu.

Tumbo hilo lilikuwa na sababu yake, na sababu ilikuwa picha.

Mwaka 1979 alikuja hapa mchoraji aitwaye Rahel Kuruvila, mwanamke wa Kottayam aliyesomea uchoraji Baroda. Siku zile wachoraji wa rika lake walikuwa wamechoka kuchora wafalme na miungu waliokaa vitini, wakatoka kuchora sikukuu za watu barabarani. Mmoja alichora watu wa Holi waliolowa rangi hadi kwenye kope, mwingine akachora sanamu ya mungu Ganesha inavyozamishwa baharini Bombay huku umati ukiisukuma. Wengi walichora kelele. Rahel alikuja siku ya nne ya Onam, siku ambayo wanaume wa mitaa yetu hupakwa rangi mwili mzima, huchorwa uso wa chui tumboni, hufungwa mkanda wa njuga kiunoni na kuvaa kinyago, kisha huenda kucheza kuzunguka uwanja wa katikati ya mji. Tulidhani atachora ngoma. Alikuja alfajiri, na saa tano, kabla ngoma haijaanza, alikuwa ameshafunga karatasi zake.

Alichora kukauka.

Mtu akishapakwa rangi ya kwanza hawezi kukaa, wala kulala, wala kuegemea ukuta. Husimama kwa saa tatu au nne nyuma ya ofisi ya kikundi, mikono ameitanua, ameshika mwanzi uliofungwa mlalo kati ya minazi miwili, mpaka rangi ikauke apakwe ya pili. Chai hunyweshwa kwa mrija. Inzi akimtua puani, mwingine humfukuzia. Katika picha ya Rahel wapo wanaume saba kwenye mwanzi, kama nguo zilizoanikwa. Wa katikati anakutazama usoni. Uso huo ni wa Lonappan, hakuna awezaye kubisha: nyusi zilizoungana, kovu la kidevuni alilopata utotoni kwa kuanguka juu ya jiwe la kufulia. Chini ya uso huo kuna tumbo kubwa la manjano, na juu yake kichwa cha chui aliyefunua kinywa, na kitovu ndicho koo lake.

Picha ilinunuliwa na jumba la makumbusho la Delhi. Sisi hatukuiona hadi mwaka 1986, ilipochapwa kwenye kalenda ya kampuni moja ya miavuli. Ndani ya mwezi mmoja ilikuwa katika kila mgahawa wa chai kuanzia kituo cha reli hadi soko la Sakthan. Baadaye ikaingia kwenye kadi za posta, halafu kwenye kitabu cha shule.

Lonappan wakati huo alikuwa anafanya kazi kwenye kinu cha mafuta ya nazi, mtu wa umbo la kawaida, pengine tayari alikuwa na kitambi kidogo cha ndoa. Alipoingia kwenye mgahawa watu walitazama ukutani, wakamtazama yeye. "Kaka Lonappan," walimwuliza, "lile tumbo umemwazima nani?" Wengine walisema Thresia amelila. Aliyachukua kama utani wa kawaida. Lakini Onam ya mwaka ule watu wa magazeti walikuja na kalenda mkononi, wakapita kwenye mwanzi wakitafuta yule wa katikati, na walipomwona wakashusha kamera. Bharathan, aliyekuwa ndiyo kwanza amechaguliwa, alikuwa amesimama kando akaona. Wiki iliyofuata alipeleka nyumbani kwa Lonappan trei mbili za mayai.

Kuanzia hapo kikundi ndicho kilichomlisha. Kila mwaka, miezi miwili kabla ya Onam: mayai, nyama ya ng'ombe ya kukaanga na vipande vya nazi, ndizi za mvuke zilizopakwa samli, muhogo. Yote yameandikwa daftarini. Na Lonappan alikula. Kufikia mwaka 1990 alikuwa amelikaribia lile tumbo, mwaka 1994 tukapata kikombe cha mshindi wa kwanza wa mitaa, na baada ya hapo hapakuwa na mwaka ambao watu hawakuja kumwona akiwa ameshika mwanzi. Kinuni hakuweza tena kuinama kwenye mashine, kwa hiyo mwenye kinu akamweka kwenye kiti langoni. Wateja walimpenda pale. Watoto wa shule walimletea kitabu chao awawekee sahihi chini ya picha, naye aliandika jina lake kwa herufi kubwa, pole pole.

Alipofika miaka hamsini na mbili alipatwa na kisukari. Mwaka uliofuata alimwambia Bharathan kwamba angependa kupumzika. Bharathan alimwambia mwaka huu tu. Maneno hayo, "mwaka huu tu," niliyasikia akiambiwa miaka sita mfululizo, na kila mwaka yalikuwa na sababu nzuri.

Mwaka 2006 sababu ilikuwa nzuri kuliko zote. Makumbusho ya Delhi yalikubali kuileta picha Thrissur kwa siku kumi, wakati wa Onam, na Rahel Kuruvila mwenyewe angekuja. Mwaka huohuo, katikati ya Julai, bati la mlango wa kinu lilimkata Lonappan juu ya mguu wa kulia, karibu na vidole. Kidonda kilikataa kufunga. Nilimsindikiza kwa daktari kwa sababu Thresia aliniomba. Alisema mimi naandika, kwa hiyo siwezi kusema baadaye kwamba sikusikia.

Daktari alikuwa kijana wa Palakkad, asiyejua ngoma. Alikitazama kidonda, akalitazama tumbo, akauliza, "Mzee, hili tumbo ni la nini?"

"La mtaa," Lonappan alijibu.

Daktari alidhani anataniwa. Alimwambia mtaa hautakuja kukatwa mguu. Kisha alisema mambo matatu, nikayaandika: tumbo lipungue, mguu ule usiguswe na rangi, na mafuta ya taa, ambayo ndiyo tunayotolea rangi usiku, yasikaribie kidonda hata kidogo.

Lonappan alikwenda kwa Bharathan siku hiyohiyo. Nilikuwepo. Alikuwa amejiandaa, na kwa mara ya kwanza alisema neno lenyewe: mimi sichezi. Bharathan hakukasirika. Alimwagizia kahawa isiyo na sukari, akamwuliza habari za mguu, akasikitika kweli, maana si mtu mbaya. Halafu akasema, "Picha inarudi nyumbani baada ya miaka ishirini na saba, kaka. Mwenye picha amekufuata kutoka mbali. Na wewe ndiyo unataka kujifungia ndani?"

"Mguu, mwenyekiti."

"Chui wetu hachezi kwa mguu. Anacheza kwa tumbo. Utasimama pale tu, ulitikise, basi."

Lonappan alinitazama. Nami nilikuwa nautazama mfuniko wa kalamu yangu.

Njia ilipatikana kwa Sukumaran, mchora mabango, ambaye ndiye hutupakia chui wetu. Alisema mguu utavalishwa mfuko wa plastiki, ule mzito wa duka la sari, ufungwe kwa utepe wa gundi juu ya kifundo, kisha yeye apake rangi juu ya plastiki na kuendeleza madoa hadi kwenye vidole. Rangi haitagusa ngozi, mafuta ya taa hayatagusa ngozi. Tulisifu sana akili hiyo. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri juu ya jasho. Nyumbani, Thresia aliposikia, alimwambia mumewe, "Wewe mwanadamu, mguu unaufunga kama samaki wa sokoni, ukidhani hautaoza?" Lakini alimwambia yeye, sio sisi.

Siku ya ngoma walianza kupakwa saa kumi na moja alfajiri. Lonappan alikuwa wa kwanza kwa sababu alikuwa na eneo kubwa. Saa mbili asubuhi alikuwa kwenye mwanzi, katikati, wa manjano kuanzia mashavuni, mguu wa kulia uking'aa kuliko wa kushoto. Watu walianza kuingia uani na kamera. Mimi nilikuwa pembeni yake na glasi ya uji wa mchele na mrija.

Rahel Kuruvila alifika saa tatu. Alikuwa na miaka sabini na kitu, sari ya pamba isiyo na nakshi, fimbo. Bharathan alimletea kiti, akamletea vipande vya ndizi za kukaanga, akataka kumtambulisha kwa kila mtu. Rahel akamwomba amwache kidogo na watu wa kwenye mwanzi. Kwa kuwa mimi nilikuwa nimeshika glasi, hakuniondoa.

"Mwalimu, unanikumbuka?" Lonappan aliuliza.

Alimtazama usoni, akatabasamu kwa kumtambua. Kisha macho yakateremka, yakakaa kwenye tumbo kwa muda mrefu. "Lonappan," alisema, "umenenepa sana."

"Nimekufikia."

"Umenifikia wapi?"

"Pale uliponichora. Imenichukua miaka, lakini nimepafika."

Yule mama hakuelewa. Alimwuliza taratibu, naye akaeleza bila kulalamika, kama mtu anayetoa taarifa: kalenda, mayai, uzi wa katibu. Alipokuwa akieleza, nilimwona Rahel akihamisha fimbo kutoka mkono mmoja hadi mwingine.

"Lile si tumbo lako," alisema. "Ni la yule aliyekuwa kushoto kwako. Mtu mmoja mnene, mwenye maneno mengi."

"Ittoop?"

"Sikujua jina lake. Alikuwa na tumbo ambalo sijaliona tena. Lakini uso wake haukutulia, alikuwa akisimulia visa na kucheka asubuhi nzima. Wewe ulikuwa umechoka, unataka kukaa na huwezi. Nilihitaji uso huo. Nikauweka juu ya tumbo lile."

Ittoop alikufa kwa moyo mwaka uliofuata ule wa kuchorwa, miaka mingi kabla ya kalenda. Ndiyo maana hakuna aliyelidai tumbo lake.

Rangi ilikuwa imemkaza Lonappan mashavuni, kwa hiyo sikuweza kujua uso wake unafanya nini. "Nilijua siku ile sikuwa hivyo," alisema. "Nilidhani mchoraji humwona mtu atakavyokuja kuwa. Nikasema, basi huko ndiko ninakokwenda."

"Hapana," alisema Rahel. "Mimi nilichora vilivyokuwepo tu. Hukuniuliza."

"Ningekuulizia wapi?"

Akanigeukia mimi. Hakuweza kugeuka mwili, aligeuza macho tu. "Katibu, nataka kukaa."

"Bado hujakauka," nikamwambia.

"Daftari la mwaka ule unalo?"

Nilisema ninalo. Aliuliza linasemaje. Nilijua linavyosema bila kulifungua, kwa sababu mikanda ya njuga hupimwa kila mwaka na fundi ngozi, na mwaka 1991 nilipokabidhiwa madaftari yote niliyasoma kuanzia mwanzo. Mwaka 1979: Ittoop, inchi hamsini na moja. Lonappan, inchi thelathini na nne. Nilimwambia. Aliuliza nimejua lini, nikamwambia hilo pia. Ni kweli kwamba mwaka 1991 nilifikiri fundi amekosea mstari. Ni kweli vilevile kwamba sikwenda kumwuliza fundi.

Hakunitukana. Alisema tu nimpe uji, nikamwekea mrija mdomoni, akanywa wote.

Kisha alimwomba Rahel amwambie mwenyekiti, naye hakusita. Alimwita Bharathan akamwambia mbele yetu, kwa maneno yaleyale. Bharathan alicheka kwanza, halafu akaacha. Ninamjua, alikuwa anahesabu watu waliojaa uani. Alisema, kwa adabu kabisa, "Mwalimu, nakuomba hayo uyaseme kesho. Leo ameshapakwa."

"Basi mpanguseni," alisema Rahel.

"Kwa kitu gani?" Bharathan akauliza. Si kwa ukali. Na hapo ndipo sote, na Lonappan wa kwanza, tulipoona mlango umefungwa: rangi ile haitoki ila kwa mafuta ya taa na kusuguliwa, na watu wanne, na saa mbili. Itoke sasa au itoke usiku, kutoka ni kulekule. Lonappan ndiye aliyelisema. "Nitasuguliwa tu," alisema. "Kama ni kusuguliwa, bora nisuguliwe nikiwa nimecheza." Sukumaran akaja na kopo la rangi nyeusi, akapiga magoti, akaanza kuchora kinywa cha chui kuzunguka kitovu, akiwa na kadi ya posta mkono wa kushoto ili asikosee.

Alicheza. Nazi ilivunjwa mbele ya sanamu ya Ganapathi, ndivyo tunavyomwita Ganesha, ngoma zikaanza, na kwa saa nne alizunguka uwanja akiwa ndani ya kinyago, tumbo likipanda na kushuka, njuga zikilia, na kila alipopita watu walipiga kelele, "Wa picha! Wa picha!" Tulipata kikombe cha mshindi wa pili.

Usiku walipokata plastiki harufu ilitujulisha kabla ya macho. Alikaa hospitali wiki sita. Walikata vidole vitatu. Rahel alisema kweli yake siku ya kufunga maonyesho, na gazeti moja likaiandika kwa mistari minne. Mgahawani watu walisema wachoraji wazee hupenda mzaha. Kalenda zilibaki ukutani. Thresia peke yake ndiye aliyenijia na gazeti lile mkononi. Aliliweka juu ya daftari langu, akaondoka.

Mwaka uliofuata hatukumwita. Bharathan alimpata mtu wa Kodakara, kijana wa miaka thelathini na tano mwenye inchi hamsini na tano, mpole, anayefurahia kazi. Lonappan alikuwa amepungua sana. Ngozi ya tumbo ilimning'inia kama gunia lililomwagwa, na alitembea na fimbo. Daktari wa Palakkad alimsifu. Mwenye kinu alikuwa amemweka mtu mwingine langoni, kwa sababu wateja waliendelea kumwuliza Lonappan yule mnene amekwenda wapi.

Asubuhi ya ngoma alikuja uani na mkewe, tukafurahi kumwona. Nilimletea chai, nikamvutia kiti. Aliinywa kwa kikombe, akiwa amesimama. Mtu wa Kodakara alikuwa katikati ya mwanzi, wa manjano mbichi, na kamera zilikuwa mbele yake. Kushoto kwake, alikosimama Ittoop mwaka ule wa picha, palikuwa na nafasi ya mtu mmoja. Nilikuwa naandika majina, nilipoinua kichwa Lonappan alikuwa pale, fimbo ameiegemeza kwenye mnazi, mikono ameitanua, ameushika mwanzi. Alikuwa na shati lake jeupe la kanisani. Hakuna aliyempiga picha. Mmoja alimwomba asogee kidogo kulia.

Nilidhani ni mzaha, nikangoja acheke. Nusu saa ilipita. Thresia alichukua kiti akakipeleka nyuma yake.

"Kaa, mwanadamu."

"Bado," alisema.

"Bado nini? Hujapakwa kitu." Alimshika mkono, akauvuta kidogo. Vidole havikuachia.

"Najua," Lonappan alisema. "Ngoja kidogo."

Thresia hakumvuta tena. Alikikalia kile kiti yeye mwenyewe, nyuma yake, akafungua mkoba akatoa dawa za mumewe za saa nne. Walikuwa bado pale Sukumaran alipokuja na kopo jeusi kwa rangi ya pili, akaanzia kwa mtu wa Kodakara, na wengine wakaanza kuuachia mwanzi mmoja baada ya mwingine, wakinyoosha mabega.